Mjukuu amepewa jina la gari

Tengeru,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Mchungaji,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, hofu ni kwako, Mama Glory na watoto. Deni langu nalijua: barua yako ya Pasaka iko juu ya friji, chini ya kopo la kahawa, na kila nikiipita najiambia kesho. Nisamehe. Leo nina shida, na nikiwa na shida unajua kalamu haikosekani.

Mdogo wangu wa Ujerumani amepata mtoto wa kiume. Kilo tatu na nusu, mama yake mzima, tunamshukuru Mungu. Alhamisi walipiga simu ya video. Mama akajifunga kitenge kipya kana kwamba anakwenda ukweni, akapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Ndipo akauliza, "Anaitwa nani?" Mdogo wangu akajibu, "Noah, Mama."

Kimya. Mama akaitazama simu, akanitazama mimi. "Noah ya wapi? Ya Namanga?"

Nikacheka, nikiziwaza zile Toyota Noah za abiria zinazokwenda Namanga, mpakani. Hilo ndilo kosa langu katika kesi hii, maana yeye hakuwa anatania. Tangu siku hiyo kila mgeni akija kutoa pongezi anaambiwa, "Ahsante, mjukuu wangu ni gari la abiria, tunasubiri konda tu." Jana sokoni mama wa ndizi akamwuliza mtoto kaitwa nani. Akasema bado hajapewa jina.

Nikajaribu kumtetea mdogo wangu. Nikafungua Mwanzo 5:29, nikamsomea pale Lameki anapompa mwanawe jina akitumaini kwamba ndiye atakayewafariji na kazi ngumu ya mikono, kwa ile ardhi iliyolaaniwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha, "Huyo ni Nuhu. Mbona hawakumwita Nuhu?" Sikuwa na jibu. Nikasema Wajerumani ndivyo wanavyoliandika. Fundi Mzee Nuhu, aliyekuwa ameleta suruali yangu, akachomekea kwamba kwao, katika Kurani, ana sura nzima, ya 71, yenye jina lake, na hakuna aliyewahi kumpandia nauli. Hakunisaidia hata kidogo.

Mdogo wangu naye akaja na utetezi wake: eti ni jina linalopendwa sana. Ujerumani lilishika namba moja kwa wavulana mwaka 2022, na 2023 tena. Marekani lilikaa kileleni tangu 2013 hadi 2016. Mama akasema, "Kwa hiyo wamemchukulia la kila mtu." Hapo kusema kweli nilimwona ana hoja. Huko chekechea mwalimu akiita Noah watageuka watoto watatu!

Lakini gari silo linalomuuma, wala jina kuwa la kila mtu. Unajua kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anarithi jina la babu mzaa baba. Mama alishafuma sweta, jeupe, na kifuani ameweka herufi E kwa uzi wa bluu, ya Eliamani. Ijumaa usiku nilitoka kunywa maji nikamkuta kibarazani na sindano, anaifumua ile E, uzi ameuzungusha kidoleni taratibu. Aliponiona akalisukuma sweta chini ya kanga, akauliza kama nimefunga banda la kuku.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapokuhitaji. Unakumbuka ulipokuwa Makumira, kwenye chuo cha wachungaji, mmeanza Kiebrania, ukaniandikia kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha basi? Nuni na heti, kutoka kulia kwenda kushoto: Noaki, Nuhu. Herufi mbili tu. Ukazigeuza ikawa heni, neema, ukanisomea ile Mwanzo 6:8, kwamba Nuhu alipata neema machoni pa Bwana. Na ukasema mzizi wake ni kutulia, kupumzika, ndiyo maana hata yule njiwa aliyekosa mahali pa kutua anaelezwa kwa neno la ukoo huohuo. Nilijifanya sisikii, nilikuwa nawaza nauli, ila lilinikaa.

Basi nimekuwa nikilizungusha kichwani. Eliamani: Eli ni Mungu wangu kwa Kiebrania hichohicho, amani tumeongezea wenyewe. Kumbe marehemu Baba alikuwa nusu Mwebrania maisha yake yote na Mama hajawahi kulalamika! Amani na kupumzika... wewe utalisema vizuri, mimi nikianza ataniambia nimehongwa. Na Nuhu baada ya gharika alipanda mizabibu akalewa. Baba na mbege yake, hapo ndipo wanapofanana zaidi, lakini hilo liache.

La Israeli pia usiliguse kabisa. Kule Noa, linaloandikwa kwa herufi nyingine bila ile heti, ni la kike, la yule binti wa Selofehadi, na kwa miaka mingi liliongoza kwa wasichana. Mama akilisikia nimekwisha: jina la gari, tena la kike.

Nafasi ya jina la pili ipo, mdogo wangu anakiri. Ila mkewe anahofia Wajerumani watashindwa kulitamka. Watu wanaotamka Düsseldorf!

Je, unaweza kumpigia Mama wiki hii, jioni, akishakamua? Utampigia kama mchungaji au kama yule kijana aliyekuwa akila ndizi zake? Na mdogo wangu utamwambia nini, maana mimi akiona namba yangu sasa hapokei? Hivi katika zile heti na nuni kuna jambo nimekosea? Nisije nikaaibika mbele ya Mzee Nuhu. Glory amepata shule? Paa la kanisa limeisha? Na wewe unakuja lini, au mpaka tuzikane?

Wasalimie wote.

Wako,
Baba Upendo

NB: Ile E leo asubuhi ilikuwa imebaki na mistari miwili. Fanya haraka.