Barua kwa Mwalimu Salma kuhusu neno "uncle"

Mpendwa Salma,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kutoka hapa Tanga. Barua yako ya juzi ilinichekesha, hasa pale uliponieleza kwamba mwanafunzi wako aliandika "mjomba" katika tafsiri yake, ilhali "uncle" wa katika habari ile ni ndugu wa baba, nawe ukamkata alama. Hukukosea, lakini neno lenyewe lingekuwa na kinywa lingemtetea kijana huyo.

"Uncle" limetoka katika neno la Kilatini avunculus, ambalo Warumi walimwitia ndugu wa kiume wa mama peke yake. Ndugu wa baba aliitwa patruus, na majina hayo yalikuwa mbalimbali kama yalivyo mjomba na ami kwetu huku mwambao. Linalonifurahisha zaidi ni kwamba avunculus limezaliwa na avus, yaani babu, likapewa umbo la udogo. Kwa hiyo Mrumi aliyemwita mjomba wake alikuwa, kwa asili ya neno, akimwita "babu mdogo", jambo ambalo sisi wenye baba wadogo na mama wadogo hatuna haja ya kufafanuliwa.

Waingereza wa kale nao walipambanua. Mjomba alikuwa eam, ami alikuwa fædera, na hata shangazi na mama mdogo kila mmoja alikuwa na jina lake. Kisha mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari wakaitawala nchi, na Kifaransa chao kilikuwa kimekwisha kuliacha neno la upande wa baba na kulitandaza oncle lifunike pande zote mbili. Kufikia karne ya 13 neno hilo lilikuwa limeingia katika Kiingereza, na majina ya kale yakafifia polepole, ingawa eam liliendelea kusikika kwa muda mrefu kaskazini na Uskoti katika umbo la eme. Oom la Waholanzi ni ndugu yake. (Neno "aunt" lilipita njia hiyo hiyo, ila limetoka katika amita, aliyekuwa shangazi tu, hivyo jina moja Waingereza wamelirithi kwa upande wa mama na jingine kwa upande wa baba, nao hawana habari.)

Ndiyo maana sikubaliani na wenzetu wanaosema kwamba Kiswahili kina majina ya ukoo mengi kupita kiasi. Kiingereza kilikuwa nayo, kikayapoteza. Hofu yangu ni hiyo "anko" ya watoto wa siku hizi, wanaomwitia mjomba, baba mdogo na hata dereva wa basi la shule bila kubagua.

Kuhusu kijana wako, mrudishie walau nusu alama.

Rafiki yako,
Mwanaidi