Mume anataka turudi kwao Vihiga, nusu ekari itatulisha?

Shangazi,

Pokea salamu zangu. Tunaishi Kaptembwa hapa Nakuru na watoto wetu watatu. Mume wangu huchomelea vyuma, mimi nina kibanda cha mboga. Sasa ameshikilia kwamba mwakani tuhamie kwao Vihiga, upande wa Chavakali, tukae na mama yake ambaye amebaki peke yake na anaugua presha.

Namwelewa kabisa. Mjini kila kitu ni pesa, tena pesa ya leo: mtungi wa maji, tokeni za stima, makaa, hata choo cha sokoni. Tangu Nakuru iwe jiji, Desemba 2021, kodi kwenye ploti yetu imekuwa ikipanda tu. Kwao maji ni ya chemchemi na ndizi ziko nyuma ya jikoni.

Lakini shamba lenyewe, Shangazi, ni nusu ekari na wana wa kiume ni wanne. Vihiga watu wamebanana, kila kizazi kinagawa kilichokwisha kugawanywa. Sehemu ina majani chai yanayopelekwa kiwanda cha Mudete, malipo kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Mahindi ya Agosti hayafiki Krismasi. Yakiisha, gorogoro za mama tunanunua sisi, kwa pesa hii ya kibandani. Tukihama sote, nani atatuma? Na managu ninayouza hapa, kule nitamuuzia nani wakati kila boma linayo?

Nilipendekeza mama aje tukae naye. Alikataa, hawezi kuliacha kaburi la mzee. Nikamwambia mume atangulie yeye, aone msimu mmoja, mimi nibaki na watoto maana mkubwa mwakani ataingia Gredi ya 9 na sitaki ahamishwe mwaka wa mtihani. Hapo alinuna. Dada zake nao wanasema mke anayebaki mjini ameshaachika. Maneno hayo yameniuma, kwa sababu mama mkwe nampenda na yeye ndiye aliyenilelea kifungua mimba wangu.

Nimweleze vipi mume wangu hesabu hii bila aone namkataa mama yake? Na kama kuna waliohama wakafaulu kwenye kishamba kama chetu, waniambie walianza na nini.

Mama Watatu,
Kaptembwa, Nakuru