Kwako mdogo wangu, uliyepata nyumba ya familia chuoni

Mdogo wangu,

Mama ndiye aliyeniambia umepata nyumba. Wewe hukuniambia, na hata yeye aliigusia tu katikati ya habari nyingine, kwa sauti ya chini, kama anataja deni la mtu. Nyumba ya familia, ya chuo, vyumba viwili: wewe, wifi, na huyo mtoto ambaye mara ya mwisho kumshika ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa. Nilicheka peke yangu jikoni kwa furaha. Halafu nikakumbuka huu ni mwaka wa tatu hatuzungumzi zaidi ya salamu za sikukuu. Simu zangu hupokei. Hapa najua huwa unapita kusoma, kwa hiyo nakuandikia hapa. Wengine mtakaosoma mtanisamehe, au mchukue mnachokihitaji.

Siku ya kukabidhiwa funguo, usiingize hata mkoba kabla hujapiga picha. Utapewa fomu ya ukaguzi wa nyumba, na wengi huitia saini wamesimama mlangoni, mtoto analia, mizigo iko nje. Omba ubaki nayo mpaka kesho yake. Fungua kila bomba, vuta maji chooni, washa jiko lote, jaribu kila soketi, funga na ufungue kila dirisha. Doa kwenye zulia, ufa kwenye sinki, mlango wa kabati unaoning'inia: andika, hata kama unaona aibu kulalamika siku ya kwanza. Sisi hatukuandika tundu lililokuwa ukutani chumba cha watoto, pale kitasa cha mlango kinapogonga. Siku ya kuhama likakatwa kwenye amana yetu. Shemeji yako mpaka leo akiona tundu la namna ile nyumbani kwa mtu, anaguna.

Kabla hujapanga vitabu, pima maji ya moto. Mtoto wako sasa anafikia bomba. Maji ya nyuzi 60 humuunguza hata mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Yakishushwa hadi nyuzi 49, sekunde hizo zinakuwa dakika. Kwenye majengo haya mtambo wa kuchemshia mara nyingi hauko mikononi mwako, kwa hiyo mwandikie fundi wa majengo, na mpaka aje, tanguliza maji ya baridi kwenye beseni. Kamba za mapazia ya kuvuta zifunge juu asizifikie. Kabati refu likaze ukutani kwa skrubu, ila omba ruhusa kwa maandishi kwanza, maana tundu, kama nilivyokwambia, lina gharama yake.

Kengele ya moshi ibonyeze kila mwezi kuijaribu. Ikipiga kelele kwa sababu umeunguza sufuria, fungua madirisha, usichomoe betri kama ulivyofanya kwangu. Ndiyo, nilijua. Niliikuta betri kwenye droo ya vijiko wiki moja baada ya nyinyi kuondoka.

Vyombo usikimbilie kununua. Mwisho wa muhula wanaohama huacha vitu koridoni, vingine vizima kabisa. Meza, rafu, viti vya mbao chukua, vifute vizuri. Godoro na sofa viache, hata ving'ae vipi. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, na kwenye jengo la kuta za pamoja hupenya kwenye nyufa na njia za nyaya mpaka kwa jirani. Nguo unazozitilia shaka zipitishe kwanza kwenye mashine ya kukaushia, joto la juu, nusu saa.

Godoro lenu sikuliokota. Nililinunua jipya, nataka ujue hilo. Mlikuja kwa "wiki mbili tu, dada, mpaka majibu ya chuo yatoke". Kila asubuhi ulilisimamisha nyuma ya sofa, na kila usiku likilazwa watoto wangu waliligombania kurukaruka. Wiki mbili zikawa tano, zikawa nane. Watu saba, choo kimoja. Ukungu mweusi ukaota nyuma ya kabati chumbani kwetu, nami nikamsema wifi kwamba ni zile nguo za mtoto anazoanika ndani. Hakunijibu. Kesho yake nilimkuta kwenye ngazi za nyuma, amesimama kwenye upepo, ameshika kijinguo kimoja kimoja kwa ncha za vidole akisubiri kikauke. Mashine ya kukaushia ilikuwa inataka sarafu, na sarafu mlikuwa mnaniomba mimi.

Ukungu wenyewe, kumbe, ungepungua kwa kufungua madirisha yanayotazamana dakika 10 asubuhi na jioni, kuacha feni ya bafuni izunguke baada ya watu kuoga, na kulisogeza kabati mbali kidogo na ukuta wa nje. Niliyajua hayo baadaye. Mwambie wifi. La, nitamwambia mwenyewe.

Sasa kipengele cha wageni. Mkataba wangu ulimruhusu mgeni siku 14. Barua ilipenyezwa chini ya mlango jioni, na wewe ndiye uliyeiokota. Uliisoma umesimama, ukaikunja mara nne, ukaiweka chini ya kikombe changu, ukaenda kumbembeleza mtoto. Baadaye, bila kunitazama, ukauliza: "Dada, kwani sisi ni wageni?" Nikakujibu kwamba mkataba ndivyo unavyosema. Katika yote niliyoweza kusema usiku ule, nikasema hilo.

Mliondoka alfajiri. Ule mkoba wako wa bluu ulikuwa umebaki na gurudumu moja, ukawa unakwaruza sakafu ya koridoni, krrr, unanyamaza kwenye ngazi, krrr tena. Nilikuwa macho. Nilikuwa chumba cha watoto, nyuma ya mlango, mkono uko kwenye kitasa. Nilisubiri mpaka nikasikia mlango wa chini umefungwa.

Mama anasema mpaka leo unamlaumu yule jirani wa chini kwa ile barua. Mwache mama wa watu. Nikupe ushauri ambao hauko kwenye kijitabu chochote cha chuo: ukienda ofisini kuuliza juu ya kanuni, usitaje namba ya nyumba yako. Mimi nilikwenda kuuliza tu. Niliuliza kama siku 14 zinaweza kuongezwa kwa ndugu mwenye mtoto mdogo, na yule kijana wa mezani akauliza, "Nyumba namba ngapi?" Nikamtajia. Ningefanyaje? Nilibakiza miezi mitatu niwasilishe tasnifu. Tungetolewa mle, watoto wangu wangehama shule katikati ya mwaka. Ungekuwa wewe ungekwenda kuuliza vile vile. Na nilikwenda kuwaombea siku, sikwenda kuwashtaki. Mtu anayetaka kuwafukuza watu hawanunulii godoro jipya. Shemeji yako ananiambia niache kulirudia hili la godoro. Haya, nimeacha. Tasnifu niliimaliza. Kwenye ukurasa wa shukrani niliandika "familia yangu", majina sikuweka.

Nyumba hizo hutegemea uanafunzi wako, kwa hiyo uliza mapema, na ujibiwe kwa maandishi, itakuwaje ukiahirisha muhula au ukimaliza katikati ya mwaka. Bima ya chuo mara nyingi ni ya jengo tu, haihusu kompyuta yako. Posho ya kwanza huweza kuchelewa, muwe na akiba ya wiki sita kama mnaweza. Na mtoto mwandikishe kwenye kituo cha kulelea watoto leo, usingoje mzoee. Orodha ya kusubiri kwetu ilikuwa ndefu kiasi kwamba nafasi ya mwanangu wa pili ilipatikana ameshaanza shule.

Lakini lililo kubwa kwangu ni wifi. Jina lake liwemo kwenye mkataba. Awe na ufunguo wake, si wa kupokezana. Ulizia kitambulisho cha mwenza, vyuo vingi hutoa, aingie maktaba na viwanja vya michezo kama wewe. Wewe utakuwa na semina, na watu wa kubishana nao mpaka usiku. Yeye atakuwa na mtoto na kuta ambazo jirani akikohoa anasikia. Nakujua mimi, ukiwa na mtihani hata kikombe kilicho mbele yako huoni. Marafiki zangu wote wa kule niliwapata kwenye chumba cha kufulia, asubuhi za katikati ya wiki, mashine zikizunguka na watoto wakikimbizana kati ya vikapu. Basi siku hizo aende akitaka. Jumamosi, foleni inapofika mlangoni, nenda wewe, na uzikunje kabla hujarudi nazo.

Kwenye mkataba wako kuna kipengele cha wageni. Kisome, uniambie ni siku ngapi. Godoro bado ninalo.

Dada yako