Barua ya wazi kwa Waziri wa utamaduni Zanzibar: wapiga fidla wa kidumbaki wanatuondokea

Assalaam alaykum Mheshimiwa Waziri, na shikamoo. Najua meza yako ina mafaili mengi ila hii naomba uisome mpaka mwisho, au umpe kijana wako akusomee, kwa sababu nimekaa nayo moyoni muda mrefu na sioni pahala pengine pa kuipeleka.

Mie ni mjukuu wa mpiga fidla. Babu alikuwa anapiga kidumbaki, ile taarab ya mtaani ya kuchezwa, huku Ng'ambo nje ya Mji Mkongwe, na kikundi chao hakikuwa na bango wala ofisi, kilikuwa na watu sita na baraza moja ya nyumba ya udongo basi, mmoja seremala, mmoja mvuvi, wawili makuli wa bandarini, na jioni wakishaswali wanakutana pale kila mtu na chake. Fidla ya babu ilikaa kwenye mfuko wa kanga ya bibi sababu boksi lake lilishaoza zamani. Mpaka leo nikisikia harufu ya ule utomvu mkavu wa kupaka upinde namuona amekaa, miwani imefungwa uzi upande mmoja, anakaza nyuzi kidogo kidogo huku sikio kaliinamisha kabisa karibu na ubao, na sie watoto tumekatazwa hata kukohoa.

Sasa Mheshimiwa, kila ikitajwa historia ya muziki wetu hadithi inaanzia kasri. Inasimuliwa kuwa Sultan Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, halafu mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, na klabu hiyo ipo mpaka leo, imepita miaka 100 na zaidi, sijui vikundi vingapi duniani vinaweza kusema hivyo. Hiyo historia naipenda na naiheshimu. Lakini ile ni taarab ya kukaa vitini, safu ya fidla, udi, kanuni, nai, akodioni, wageni wamevaa na wametulia. Upande wa pili wa ule mkono wa bahari uliofukiwa, ile njia tunayoiita Creek Road mpaka leo ingawa jina limebadilika, watu walikuwa na taarab yao ya miguuni, na ndio hiyo kidumbaki. Hiyo haiandikwi.

Na wala si kwamba Ng'ambo haikutoa kitu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, mtoto wa watu wa chini, akauza vyungu mitaani kabla hajajulikana, akahamia Ng'ambo, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, akaimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa kawaida, na hakuwa na jeshi la wapigaji nyuma yake, kilikuwa kikundi kidogo tu. Halafu Culture Musical Club imeanza 1958 na kwa miaka mingi wapigaji wa Ng'ambo walikuwa wanapita humu na humu, leo yuko Culture kavaa suti, kesho yuko Kwahani anapiga kidumbaki kwenye harusi. Makame Faki, yule waliyemwita Sauti ya Zege, watu walimjua kote kuwili, jukwaani Culture na mtaani kwenye kidumbaki. Kwa wengi kidumbaki ndio ilikuwa skuli yenyewe, hakuna noti wala ubao, unakaa nyuma ya mkubwa unatazama vidole vyake.

Nataka nikueleze inavyopigwa kwa sababu siku hizi hata vijana wa hapa hapa hawajui. Fidla moja tu, au mbili kwa bahati. Sanduku, yaani sanduku la mbao la zamani la chai limegeuzwa chini juu, limefungwa uzi unaokwenda mpaka ncha ya fimbo, mpigaji kaweka mguu juu ya sanduku anaivuta na kuilegeza fimbo, na sauti inapanda inashuka, ndio besi hiyo. Vidumbaki viwili, vigoma vidogo vya udongo, vinaoteshwa moto kwanza mpaka ngozi ikaze ndio vikalie sauti yake, na kama mkaa umelala basi ngoma nzima inachelewa. Mkwasa, yaani vijiti vya kugonga, na cherewa za kutikisa. Basi. Na kwa vitu hivyo watu sita wanaupeleka uwanja mzima mpaka alfajiri.

Wanaanza polepole, muimbaji anatoa beti, wanawake wamekaa mikekani wanaitikia. Nyimbo haikatiki, inaingia kwenye nyimbo nyengine bila kusimama, na mwenye fidla ndie anayeamua, anabadilisha kidogo tu pale kwenye upinde na wenziwe wote wanamfuata bila ya neno. Kisha inafika pahala beti zinaisha na fidla inashika kipande kifupi, kile kile, kile kile, ngoma zinachanganya, na hapo ndio kina mama wanapoinuka kucheza kiuno, na anayeguswa na maneno anakwenda kutunza, noti inabandikwa kwenye kipaji cha uso wa muimbaji. Bibi yangu alikuwa anasema harusi ambayo kidumbaki haikupigwa majirani hawajui kama umeoza mtoto.

Kilichoiua ni pesa na nafasi Mheshimiwa, sitaki kumsingizia mtu. Miaka ya 90 zilipokuja taarab za kinanda na rusha roho, mwenye harusi akaona mtu mmoja na kibodi na spika mbili anamtosha, kelele inafika mbali, na bei ni ndogo kuliko kulisha watu sita na kuwalipa. Siwalaumu wapiga kinanda nao wanatafuta riziki. Halafu nyumba za udongo zikavunjwa, viwanja vikajengwa, na baraza zikapungua, na kidumbaki bila ya uwanja na baraza itakaa wapi? Kikundi cha babu kilipiga harusi ya mwisho mie nikiwa darasa la sita. Baada ya hapo walikuwa wanakutana tu wenyewe, kisha wanne, kisha watatu.

Ukubwani nilijaribu kufanya kitu. Nilimchukua yule mzee wa sanduku, wakati huo yu hai, tukaenda ofisi moja inayohusika na wasanii, sitoitaja, tukaomba wasaidiwe angalau nyuzi za fidla na pahala pa kufanyia mazoezi. Tukaulizwa katiba ya kikundi iko wapi, cheti cha usajili, barua pepe, maelezo ya mradi yalochapwa. Mzee kasimama pale na kofia mkononi, akamwambia yule dada "mwanangu, sie tunapiga". Dada hakuwa mbaya, alikuwa na fomu yake tu na fomu haina pahala pa kuandika hivyo. Tukarudi kwa miguu mpaka Michenzani hatujasemeshana. Mzee amefariki mwaka ule ule, na alikuwa anajua nyimbo za kidumbaki ambazo mie sijawahi kuzisikia kwa mtu mwengine, na sina hata moja kwenye simu. Sina hata moja. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Ndio maana nakuandikia. Najua kuna chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, tangu 2002 wanafundisha taarab na kidumbaki na wametoa vijana wazuri sana, lakini nao wameishi kwa misaada na mwaka 2019 walikaribia kufunga milango kwa kukosa hela, huwezi kuiachia kazi yote ya nchi chuo kimoja kinachoomba omba. Mji Mkongwe umeingizwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na kila jiwe lina mtu wa kulilinda na ni haki yake. Mzee mwenye fidla aliyeko Mwembetanga analindwa na nani?

Ninachoomba hakina gharama kubwa. Kwanza kabisa watumwe watu wawili wenye rikoda nzuri wapite mtaa kwa mtaa, Ng'ambo na mashamba na Pemba, wawarekodi wazee waliobaki, wapige na waeleze, majina ya nyimbo, nani alimfundisha nani, na nakala ziwekwe redioni kwetu na kwenye Nyaraka ambapo mjukuu anaweza kwenda kusikiliza bila ya kuomba ruhusa ya mwezi mzima. Hili halingoji bajeti ya mwaka ujao, wazee hawangoji. La pili, wale wanaoweza bado kupiga walipwe kama walimu, siku moja kwa wiki, katika skuli za Ng'ambo, baada ya masomo. Mtoto anaweza kujifunza sanduku kwa wiki mbili, na fidla tunaweza kuanza na tatu nne. Na ile fomu, jamani, iongezwe mstari mmoja kwa watu ambao kikundi chao ni baraza.

Wapo watatu ninaowajua mimi, mmoja macho yameshapungua ila mkono uko sawa. Kila Jumapili baada ya laasiri tunakutana nyumbani kwetu, fidla ya babu ninayo mie, nyuzi mbili zimekatika na upinde umebakiwa na nusu ya nywele zake, kwa hiyo tunapiga kwa nyuzi mbili zilizobaki. Ukija au ukituma mtu, aje na rikoda, na kama kuna nafasi kwenye gari aje na seti moja ya nyuzi.

Wako,
mjukuu wa mpiga fidla, Ng'ambo, Unguja