Shem, damu kuwa safi haina maana dada haumwi (barua ya wazi)

Shem wangu, shikamoo. Ile voice uliyonitumia nimeisikiliza mpaka mwisho, hata pale ulipokuwa unafoka, na nimeona bora nikujibu kwa maandishi maana kwenye simu najua tutakatishana tu, halafu pia kuna mashemeji wengine kibao huko nje wana maswali kama yako na hawana wa kumuuliza. Dada mwenyewe kaisoma hii kabla sijaipost. Kafuta mistari miwili, iliyobaki kasema iende.

Hoja yako naielewa kabisa. Umetoa hela ya vipimo, majibu yakarudi, malaria hamna, sukari iko sawa, damu inatosha, VVU hamna, kaswende hamna, thairoidi inafanya kazi vizuri, alafu daktari anakwambia mkeo ana bipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda juu mno na kushuka chini mno. Kaiona wapi? Na mwaka jana kwenye ile zahanati si walisema ni sonona, ule ugonjwa wa kuzama kwenye huzuni? Kwa hiyo unaona wanabahatisha tu, leo hivi kesho vile.

Ngoja nikwambie vile vipimo vilikuwa vya nini. Thairoidi, ile tezi ya hapa shingoni, ikizidisha kazi mtu hatulii, halali, moyo unakimbia, anaongea mbio. Ikilegea mtu anakuwa mzito, hana hamu na kitu, ukimwona utasema ana sonona. Kaswende ikikaa miaka bila tiba ikapanda kwenye ubongo inaweza kumfanya mtu ajione yeye ndo tajiri wa mji. Hata dawa za steroidi kama prednisolone, zile wanapewa watu wa pumu, kuna watu zinawarusha hivyo hivyo, na bangi na pombe ndo usiseme. Sasa daktari hawezi kukimbilia kusema ni ugonjwa wa akili kabla hajayatoa hayo yote njiani, ndo maana mlitolewa damu. Majibu kuwa safi yalimsaidia sana, we ndo ukayachukulia kama ushahidi kwamba hamna ugonjwa.

Kipimo cha damu ambacho madaktari wanakitegemea kuthibitisha bipola hakuna. Huyo rafiki yako anayekwambia ukope umpeleke dada akapigwe picha ya CT ya kichwa, mwambie CT inatafuta uvimbe, damu iliyovuja, jeraha, na kama daktari angehisi kitu hicho angeandika mwenyewe. Bipola haionekani kwenye picha.

Inaonekana kwenye maelezo, kwenye kumtazama mtu, na kwenye muda. Na hapa nakuomba usome taratibu maana siku ile ulikuwa nje kwenye benchi unaongea na watu wa kazini, mimi na mama ndo tulikuwa ndani.

Daktari alianza kawaida tu, leo tarehe ngapi, hapa ni wapi, mmekuja na usafiri gani. Dada kavaa miwani ya jua ndani ya chumba, vitenge viwili rangi zinagombana, hakai, anasimama anakaa. Akaambiwa toa saba kwenye mia uendelee hivyo hivyo, akasema 93, 86, alafu hapo hapo akaanza kuhadithia mwaka 86 babu alivyonunua baiskeli. Dada kazaliwa 1991! Akaulizwa maana ya haraka haraka haina baraka. Shem, nilitamani uwepo. Akasema "haina baraka, Baraka ni yule seremala, seremala ananidai hela ya mlango, mlango wa riziki kwangu uko wazi, wazi kama Wazo, Wazo kile kiwanda cha saruji nakinunua mwezi huu," na kicheko juu. Mama akacheka na yeye. Daktari hakucheka, alikuwa anaandika.

Mimi na wewe tungesema anapiga porojo, dada si mchekeshaji toka zamani? Lakini sikiliza vizuri yale maneno, moja linavuta lingine kwa sauti au kwa kugusana tu, baraka Baraka, seremala mlango, wazi Wazo, hamna wazo linalofika mwisho. Daktari anaangalia hilo, kasi ya maneno, mawazo yanavyoruka, mtu anavyojikweza kupita uwezo wake, kama anatulia au la, kama anajua kwamba kuna kitu hakiko sawa. Hicho ndo kipimo shem, kinafanyika kwa kukaa na kuongea, ndo maana wewe kutoka nje uliona "wamepiga stori tu nusu saa".

Alafu kuna orodha. Hawaamki asubuhi wakaamua. WHO, shirika la afya duniani, wana mwongozo wao wa magonjwa, toleo la 11 limeanza kutumika rasmi Januari 2022, na Wamarekani wana wa kwao unaitwa DSM, toleo la tano la 2013 ambalo walilifanyia marekebisho 2022. Humo kila ugonjwa una dalili zake na muda wake. Sonona, angalau wiki mbili, karibu kila siku, huzuni au kukosa hamu na vitu alivyokuwa anavipenda, na juu ya hapo usingizi, kula, nguvu, umakini, kujilaumu, na kadhalika. Ile ya kupanda juu wanaita mania, inatakiwa angalau wiki nzima, mtu ana furaha au ukali usio wa kawaida yake na nguvu kibao, anahitaji usingizi kidogo sana na hachoki, anaongea bila breki, anamwaga hela, anaanzisha mambo kumi kwa mpigo. Na iwe imevuruga maisha. Siku moja ya furaha ya harusi haihesabiki, na watu wa TikTok wanaojipa bipola kwa sababu asubuhi walinuna mchana wakacheka nao hawahesabiki, samahani zao.

Sasa kwa nini mwaka jana sonona, mwaka huu bipola? Kwa sababu mwaka jana ndo alichokuwa nacho kilichoonekana. Unakumbuka baada ya mtoto wa pili, halali, hali, analia akimnyonyesha, haogi mpaka mama aje. Ukimchukua mtu siku ile ukamweka mbele ya daktari yeyote ataona sonona, na watu wengi wenye bipola ugonjwa unaanzia hapo hapo chini, inaweza kupita miaka kabla hawajapanda, au wanapanda na hakuna anayesema maana nani anaenda hospitali kwa sababu ana furaha? Kule zahanati walimpa ami, amitriptyline, na hawakuuliza swali moja la muhimu sana: amewahi kuwa na kipindi cha kinyume chake? Dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mtu mwenye bipola zinaweza kumrusha juu. Simsemi mtu, foleni pale we mwenyewe uliiona, ila jina la ugonjwa linabadilisha dawa, ndo maana sitaki uchukulie mabadiliko haya kama utani.

Na hili la kusubiri muda uonyeshe si la hapa kwetu tu. Kuna daktari wa akili Mjerumani, Emil Kraepelin, alikuwa mji wa Heidelberg, huyu alikuwa anaweka kadi kwa kila mgonjwa na kufuatilia mwisho wake ulikuwaje, na kwenye toleo la 6 la kitabu chake, 1899, akatenganisha makundi mawili makubwa, wale ambao akili inaendelea kuharibika na wale wanaopanda na kushuka na katikati wanarudi kuwa na afya yao ya kawaida. Siku ya kwanza hospitali makundi yote mawili yanaweza kufanana kabisa. Hata wazungu wenyewe walikuja kuumbuka, mwishoni mwa miaka ya 60 watafiti wakalinganisha New York na London, wagonjwa wale wale wakionyeshwa kwenye video, madaktari wa Marekani wanasema skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini visivyokuwepo, wa Uingereza mara nyingi wanasema vingine. Aibu kama hizo zilichangia DSM ya 1980 kuja na zile orodha, ili angalau wote wahesabu vitu vile vile.

Sasa nije kwako shem, usikasirike. Daktari alivyokuita uingie akakuuliza nyumbani hali ikoje, ulisema "ana mawazo tu, uchovu wa watoto." Shem! Zile voice za saa tisa usiku dada alizotutumia wote kwenye grupu la familia, za kupanga biashara ya samaki wa kupeleka Omani, ulizisikia. Pikipiki aliyoikopea kwa jina lako unaijua. Alilala masaa mawili akaamka kufagia mpaka uwanja wa jirani na mchana hakusinzia, hilo umenihadithia wewe mwenyewe ukicheka. Nakuelewa, mwanaume kumwambia mtu baki mambo ya ndani ya mkeo si rahisi. Ila daktari hana mashine nyingine. Aliyeko juu hajioni anaumwa, anajiona kapona, kwa hiyo habari ya kweli inabidi itoke kwa anayelala naye nyumba moja.

Na kwetu pia hatuko wasafi. Mama aliulizwa kama kuna mtu kwenye ukoo ana shida kama hii akajibu hakuna. Mjomba wetu wa Muheza aliyekuwa anagawa mbuzi kwa wapita njia, msimu mwingine anajifungia ndani hata kwenye msiba hatoki, tumekua tunaambiwa alichezewa na watu. Nimeshaongea na mama, safari hii atamtaja. Bipola ina tabia ya kutembea kwenye damu za watu, na najua hapo umeshawaza watoto. Mtoto mwenye mzazi mmoja mwenye bipola uwezekano wake unakadiriwa kati ya asilimia 5 na 10, kwa hiyo wengi wao hawapati.

La jini, sitaki tugombane. Mlimpeleka akasomewa, akanywa kombe, sawa, na daktari alilisikia bila kumkebehi mtu, alichouliza ni kama wengine nyumbani nao wanaamini hivyo hivyo. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akasema imani ambayo jamii nzima inayo haihesabiki kuwa dalili ya ugonjwa. Dada kusema ana jini si dalili. Kusema anakinunua kiwanda cha saruji mwezi huu na mfukoni ana nauli ya kurudi, hilo aliliandika.

Kingine kilichokuudhi ni lile swali la kama amewahi kufikiria kujiua, ukasema wanamfundisha. Hawamfundishi. Tafiti zimeonyesha kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, na mwenye nalo mara nyingi anapata ahueni kwamba kuna aliyethubutu kuuliza. Dada alijibu ndiyo, kipindi cha mtoto. Hilo nimeruhusiwa kuliandika. Ulikuwa hujui, sasa unajua, na ukiona anaanza tena kuzama usisubiri tarehe ya kliniki.

Na lile neno "Mirembe" naomba lisitajwe tena mbele ya watoto kwa utani. Ile ni hospitali kama hospitali nyingine, ipo Dodoma toka enzi za Mwingereza, watu wanaingia wanatibiwa wanarudi kazini.

Sasa kliniki ni Alhamisi. Nenda na simu yenye zile voice, usizifute, na miamala ya mwezi ule uitoe yote hata kama inauma. Andika kwenye karatasi alianza lini kushuka, lini kupanda, alikuwa analala masaa mangapi. Wakimwandikia lithium, dawa ya bipola, atakuwa anatolewa damu mara kwa mara kuangalia kiwango, maana ikizidi ni sumu, na hapo ndo utapata vipimo vyako vya damu mpaka uchoke. Wakimwandikia valproate, dawa nyingine ya bipola, kabla hamjatoka chumbani mwambie daktari kwamba mnataka mtoto wa tatu, ile dawa ina hatari kubwa kwa mtoto aliyeko tumboni na mwanamke wa umri wake wanatakiwa wamtafutie nyingine kama ipo. Dada anaweza kusahau kulisema, wewe usisahau.

Nauli nishatuma kwenye namba yako ya kila siku, na mama anakuja Jumatano jioni kukaa na watoto.