Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watazamaji wa Ndege wa Majini

Ndugu wanachama,

Hesabu za ndege za kila msimu na mafunzo ya wanachama wapya vilifanyika kama ilivyopangwa, na kwa kuwa mnayafahamu sitayarudia.

Jambo lililotugawa ni uamuzi wa kamati wa kutoingiza katika daftari ndege yeyote aliyeonekana nje ya eneo lake la kawaida iwapo aliyemwona hana picha wala maelezo aliyoyaandika papo hapo, na wa kuziweka kando kumbukumbu za zamani zisizo na ushahidi. Mimi ndiye niliyeupendekeza na bado ninausimamia. Baadhi yenu mlisema tumewaita waongo, jambo ambalo si kweli. Shakwe wakubwa huchukua takriban miaka 4 kufikia rangi za utu uzima, na katika kipindi hicho huwachanganya hata wazoefu. Bata wa kigeni naye huenda ametoroka kwa mfugaji, ndiyo maana tunauliza kama alikuwa na pete mguuni na kama aliogopa watu. Nchini Uingereza, mamia ya kumbukumbu za ndege adimu waliodaiwa kupatikana karibu na Hastings kati ya 1892 na 1930 zilifutwa mwaka 1962, na kama zilikuwamo za kweli, zilikwenda pamoja na za uongo. Sitaki daftari letu lifike huko.

Wapo wanaouliza ndege mmoja aliyepotea njia ana uzito gani. Yangeyange wanaofuata ng'ombe walifika Amerika ya Kusini kutoka Afrika mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia 1953 walikuwa wakizaliana Florida. Aliyewaona mwanzoni hakuweza kujua kama ni wapotevu au watangulizi. Ni kumbukumbu za kuaminika, zenye tarehe na mahali, zilizoonyesha njia waliyopita.

Inanisikitisha kwamba kikao kilichojadili uamuzi huu, ambacho nilikitangaza mapema, kilihudhuriwa na wachache, na wengi wa waliolalamika baadaye hawakuwamo. Zaidi ya nusu yenu hamjalipa ada, na gharama kadhaa za kamati nimezibeba mwenyewe.

Mwaka ujao, hali ikiruhusu, tunatarajia kuzipitia upya kumbukumbu zilizowekwa kando. Mwenye picha au daftari lake la wakati ule anaombwa avikabidhi kwa katibu. Ada zipelekwe kwa mhazini.