MALALAMIKO: BETRI MLIYOIKATAA BILA KUIPIMA

Kwa Meneja Mkuu,

Salamu kwako na kwa ofisi yako. Naandika kuhusu gari langu aina ya Noah, betri mbili mlizoniuzia, na traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) ambayo mafundi wenu wenyewe waliifunga. Nakala za risiti na kadi ya waranti ziko kwenye faili lenu. Masharti yenu mnayajua, sina haja ya kuwasomea.

Nilifika tawi lenu la Jinja nikiwa nimeazima moto wa betri ya lori ili gari liwake. Nikamweleza kijana wa kaunta kwa utaratibu: gari likifanya kazi kila siku halina neno, lakini likilala Jumamosi na Jumapili, Jumatatu stata inalia tik tik na taa za dashibodi zinafifia. Hakuinuka kitini. Boneti haikufunguliwa. Alivuta kadi yangu ya waranti, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu “matumizi mabaya”, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: “Nyabo, unaacha taa zikiwaka usiku kucha, halafu unakuja kututafutia lawama.” Wateja wakageuka kunitazama.

Hiyo ilikuwa betri ya pili. Ya kwanza mlipima mkapata volti 11.8, mkasema imekufa, mkaibakiza kwenu na kuniuzia nyingine kwa shilingi 420,000. Volti 11.8 ni betri tupu. Si lazima iwe betri mbovu. Ilipaswa kuchajiwa hadi ifike kama 12.6, ipumzishwe, ndipo ipimwe kwa mzigo, yaani ikiwa inatoa umeme mwingi. Nani aliichaji? Nani aliuliza umeme unakwenda wapi gari likiwa limezimwa? Mtu akivuja damu humwongezei damu bila kutafuta kidonda.

Mwisho nilikwenda kwa fundi wa umeme wa magari hapa Busia, kijana anayefanyia kazi chini ya mwembe, hana hata kibanda. Kwanza aliwasha injini akapima alteneta: volti 14.2, inachaji vizuri. Akazima kila kitu, akafunga milango, akatoa kichwa cha waya hasi kwenye betri na kuunga mita yake katikati. Akaniambia tusubiri nusu saa, kwa sababu vifaa vya ndani huchukua muda kulala. Kisha akanionyesha: ampea 0.8. Gari lililolala halipaswi kuvuta zaidi ya 0.05 hivi. Hesabu ni nyepesi, Meneja. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 19, na betri yangu ni ya 60. Siku mbili tu zimekwenda 38, na kilichobaki hakitoshi kuzungusha stata.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku akiitazama mita. Alipofika fyuzi ya redio, namba ikaanguka hadi 0.03. Tukafungua nyuma ya redio. Pale kulikuwa na waya mwekundu wa traka yenu, umesokotwa kwa vidole na kuviringishwa utepe mweusi, bila kuchomelewa, umeunganisha moto wa kudumu na laini ya redio. Redio haikuwa ikizimika hata nikitoa ufunguo. Kioo kilikuwa giza lakini ndani ilikuwa hai. Picha nimeambatanisha. Utepe ni wenu, una nembo yenu.

Sasa narudi kwenye kaunta ile, maana haijanitoka rohoni. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye benchi lenu akinisubiri. Alisikia kila neno. Mimi ninayewalisha wanawe kwa gari hilo, nikaambiwa mbele yake kwamba sijui kuzima taa. Na baada ya kusema hayo kijana wenu hakunipa kadi mkononi. Aliisukuma juu ya kaunta, ikaanguka, nikainama kuiokota huku wateja wawili wakicheka. Wino mwekundu ulikuwa bado mbichi, ukanichafua kidole. Mita ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma yake. Kunyoosha mkono tu!

Na kabla ya hapo kulikuwa na Jumatatu ya samaki. Ngege walikuwa wamelipiwa kwenye mwalo wa Majanji, barafu imewekwa, gari halishiki. Nilipopata wa kunisaidia kuliwasha barafu ilikuwa maji, na wanunuzi wangu wa sokoni walikuwa wameshachukua mzigo wa mwingine. Hilo sikuliweka kwenye malalamiko yangu ya kwanza kwa heshima. Sasa naliweka.

Nilikusudia kudai shilingi 420,000 za betri ya pili tu. Lakini betri yangu ya kwanza iko wapi? Huenda ilikuwa nzima, nanyi mmeiuza. Basi nataka fedha hizo, betri ya kwanza au thamani yake, malipo ya fundi wa Busia, na hasara ya samaki. Traka iondolewe na fundi mwingine kwa gharama yenu. Na kijana yule aniombe radhi kwa maandishi, na barua hiyo ipelekwe pia kwa mama mkwe wangu.

Nawapa siku 14. Zikipita, nitafungua shauri kwa utaratibu wa madai madogo, ambao hapa Uganda unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na hauhitaji wakili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 mwanasheria wenu anaijua. Fundi wa chini ya mwembe amekubali kuja kutoa ushahidi, na mita yake ataibeba.

Jibu liwe la maandishi na liwe na sahihi yako wewe. Simu kutoka kaunta ya Jinja sitaipokea.

Mteja wenu,
Busia, Uganda